Wasiwasi wa Mpigakura: Funzo la Mwaka 2022

Majuto ni mjukuu. Kabla ya uchaguzi wa urais wa Kenya wa tarehe 9 Agosti 2022, wapigakura walinyimwa nafasi ya kuwapima wagombea wakuu ana kwa ana: Raila Odinga alisusia mdahalo wa Julai, naye William Ruto akajibu maswali peke yake. Matokeo yalikaribiana mno: Ruto asilimia 50.49, Odinga 48.85. Wasiwasi ulipozidi, raia walizigeukia fomu 34A za vituoni, ambazo Tume ilizianika mtandaoni, wakajijumlishia kura. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo. Mahakama ya Juu ikayaidhinisha tarehe 5 Septemba. Hata hivyo, fomu huthibitisha hesabu tu. Sera na uadilifu wa mgombea hupimwa kabla ya kura kupigwa.