Majani Madogo Yanayopima Sumu ya Viwandani

Mama mmoja alikuja kliniki na mtoto mwenye vipele miguuni. Katika maongezi nikagundua kuwa nyumbani kwao wanamwagilia mchicha kwa maji ya mfereji utokao kiwandani. "Lakini nesi," akasema, "maji yenyewe ni meupe. Na bomba likikauka tunayachemsha, tunakunywa."

Vipele vina sababu nyingi, sikuweza kuulaumu mfereji. Lakini neno lile la kuchemsha lilinichoma, maana sisi wauguzi ndio tuliolifundisha. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Hakuondoi madini ya risasi, kadmiamu, wala kromiamu ya viwanda vya ngozi. Maji yakipungua sufurianini, madini hayo hubaki katika maji machache zaidi.

Basi, sumu isiyoonekana itajulikanaje? Maabara hupima kemikali moja moja, lakini maji ya kiwandani ni mchanganyiko, na mpimaji hupata ile tu aliyoitafuta. Ndiyo maana wataalamu humuuliza pia kiumbe hai. Mmoja wao ni mmea uitwao lemna. Pengine umeuona: vijani vya kijani, vidogo kuliko punje ya mahindi, vinavyoelea na kufunika bwawa lililotulia kama mkeka. Bata huvipenda sana. Si yale magugu maji ya Ziwa Victoria yenye maua ya zambarau.

Lemna huongezeka upesi mno. Katika maji mazuri yenye virutubisho na mwanga, idadi yake huwa maradufu kwa siku mbili na nusu hivi. Mwaka 2005 Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) lilitoa utaratibu wa kupimia maji machafu kwa mmea huu. Vijani vichache, tuseme 10, huwekwa katika chombo chenye maji safi ya virutubisho. Vingine idadi hiyo hiyo huwekwa katika maji ya kiwandani, yaliyozimuliwa kwa viwango mbalimbali. Baada ya siku 7 huhesabiwa. Kwenye chombo cha maji safi 10 huwa wamefika kama 70. Kule kwingine wakiwa 20 tu, wamegeuka njano na mizizi imedumaa, mmea umeshajibu, hata kama maji yanang'aa kama ya chemchemi.

Lakini tusiupe mmea kazi isiyo yake. Lemna haina habari na vijidudu. Maji ya chooni yaliyozimuliwa yanaweza hata kuinenepesha. Tena zipo dawa za wadudu zinazoshambulia mishipa ya fahamu, ambazo mmea huzivumilia huku samaki akifa. Kwa hiyo wapimaji makini hutumia pia samaki na wadudu wadogo wa majini. Ukiona lemna imestawi mferejini, usichote ukanywa.

Mama yule nilimshauri aache kunywa maji yale na kumwagilia nayo mboga, na mtoto asichezee humo. Kisha aende na majirani kwa mwenyekiti wa mtaa, waombe maafisa wa afya na mazingira wayapime, na waulize: mlipima kemikali tu, au mlijaribu na kiumbe hai? Alicheka kidogo. "Nesi," akasema, "kumbe tungefuga bata mapema."