Mzee wa Satawal aliyewarudishia Wahawaii njia ya baharini: funzo kwa Batwa na Wambuti

Kila mwaka, tarehe 9 Agosti, dunia inaadhimisha siku ya kimataifa ya watu wa asili. Ngoma zinapigwa, mavazi ya wazee yanavaliwa, wageni wanapiga picha na wakubwa wanasoma hotuba. Kesho yake kila mtu amerudi kwake. Swali linabaki: jamii za watu wa asili zikitembeleana kutoka nchi moja hadi nyingine, zinarudi nyumbani na nini?

Jibu moja linapatikana mbali sana na Kongo, katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Huko, ujuzi uliokufa kwa watu wa kisiwa kimoja ulifufuliwa na mzee wa kisiwa kingine, ambaye hakuwa wa ukoo wao wala wa lugha yao.

Mtumbwi bila kiongozi

Mababu wa wenyeji wa Hawaii, visiwa ambavyo leo ni jimbo la Marekani, walifika huko kwa mitumbwi mikubwa yenye matanga. Hawakuwa na ramani wala dira. Walifuata nyota, mawimbi, upepo na ndege wa baharini. Lakini kufikia katikati ya karne ya 20, hakukuwa tena na Mhawaii aliyejua kuongoza safari ndefu kwa njia hiyo. Wataalamu wengine wa kizungu walifikia hatua ya kuandika kwamba mababu hao hawakujua walikokwenda, kwamba walisukumwa tu na upepo hadi visiwani. Watu hao walikuwa wamepinduliwa ufalme wao mwaka 1893, na lugha yao iliondolewa shuleni mwaka 1896. Sasa hata akili ya babu zao ilikuwa inakanushwa.

Mwaka 1973 chama kikaundwa huko Hawaii ili kujenga mtumbwi wa mfano wa zamani na kuonyesha ukweli. Mtumbwi huo, unaoitwa Hōkūleʻa, uliingizwa majini mwaka 1975. Kulikosekana kitu kimoja tu: mtu wa kuuongoza.

Mtu huyo alipatikana Satawal, kisiwa kidogo cha Mikronesia chenye watu mia chache. Jina lake Mau Piailug. Babu yake alimfundisha nyota na mawimbi tangu utoto. Kwao ujuzi huo ni mali ya ukoo, haupewi mgeni ovyo. Mau alikubali kuutoa. Tarehe 1 Mei 1976 Hōkūleʻa iliondoka Hawaii, na tarehe 4 Juni ikaingia Papeete, kisiwani Tahiti. Ni safari ya zaidi ya kilomita 4,000, kupita mara mbili ya njia ya ndege kati ya Goma na Kinshasa. Maelfu ya watu walikuwa wakingoja ufukweni.

Ugomvi na msiba

Wengi wakisimulia habari hii wanaishia hapo. Lakini ndani ya mtumbwi ule wasafiri waligombana vibaya. Mau alichukizwa, akarudi kwao, na hakuwa kwenye mtumbwi uliporudi Hawaii.

Mwaka 1978 Wahawaii walijaribu safari ya pili bila yeye. Usiku wa kwanza tu mtumbwi ulipinduka kwenye mawimbi makali. Eddie Aikau, mwokoaji aliyejulikana sana pwani za Hawaii, alichukua ubao wake akaenda kutafuta msaada. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana tena mpaka leo.

Baada ya msiba huo kijana mmoja, Nainoa Thompson, alimfuata Mau na kumwomba awafundishe. Mzee akakubali tena. Alikuwa na sababu yake: hata Satawal vijana walikuwa wanaacha mambo ya wazee, na waliobaki na ujuzi walihesabika kwa vidole. Baadhi ya watu wake walimlaumu kwa kuwapa wageni urithi wa ukoo. Yeye aliona kwamba kitu kikibaki kimefungwa mpaka mwenye nacho afe, hakimfai mtu yeyote. Mwaka 1980 Nainoa aliongoza Hōkūleʻa hadi Tahiti na kurudi. Alikuwa Mhawaii wa kwanza kufanya hivyo baada ya karne nyingi.

Deni linalipwa

Mwaka 2007 Wahawaii walirudi Satawal na mtumbwi mpya waliomjengea mwalimu wao. Unaitwa Alingano Maisu. Kwa lugha ya Mau, maisu ni matunda yaliyoangushwa na dhoruba: yakiwa chini, kila mtu ana ruhusa ya kuokota. Katika safari hiyohiyo Mau aliwatawaza waongozaji wapya wa mitumbwi, watano kati yao Wahawaii, wengine watu wa visiwa vya kwao, akiwemo mtoto wake mwenyewe. Ujuzi aliowapa wageni ulikuwa umerudi nyumbani. Mau alifariki mwaka 2010.

Haukuishia kwa jamii mbili. Mwaka 1985 Hōkūleʻa ilifika New Zealand, kwa Wamaori. Huko makabila matano ya kaskazini yanahesabu asili yao kwa mitumbwi ya mababu. Mzee wao, Sir James Henare, aliwaambia wageni kwamba kwa kuwa nao wamekuja kwa mtumbwi, basi wao ni kabila la sita. Mmaori mmoja aliyekuwa fundi wa kujenga madaraja, Hector Busby, akaanza kujenga mitumbwi. Wa kwake, Te Aurere, ulisafiri baharini mwaka 1992.

Kisha kuna habari ya miti. Kufikia mwaka 1990 Wahawaii walitaka kujenga mtumbwi kwa mbao za kweli, kama wa zamani. Walitafuta miezi mingi katika misitu yao mti mkubwa wa koa, wakakosa. Msitu ulikuwa umekatwa na kuliwa na mifugo. Waliowasaidia ni watu wa asili wa Alaska, wakiwemo Watlingit, ambao walitoa miti miwili mikubwa yenye umri wa karne kadhaa, bila malipo. Mtumbwi uliotoka humo, Hawaiʻiloa, ulipelekwa hadi pwani za Alaska mwaka 1995 kuwashukuru. Na Wahawaii walianza kupanda koa upya, kwa sababu kupewa mti na jirani kuliwaonyesha wazi walichopoteza nyumbani.

Na kwetu?

Kongo ina sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inayolinda haki za watu wa asili Wapigme. Inatambua desturi zao, dawa zao za asili na haki zao juu ya ardhi. Hata hivyo, Batwa walioondolewa katika mbuga ya Kahuzi-Biega, Kivu ya Kusini, miaka ya 1970 bado wanadai msitu wao, na mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliowapa haki ulitangazwa. Wenzao Batwa wa Uganda walitolewa Bwindi na Mgahinga mwaka 1991. Waogiek wa Kenya, watu wa msitu wa Mau, walishinda kesi yao katika Mahakama ya Afrika mwaka 2017.

Jamii hizi si mbali kama Hawaii na Alaska. Batwa wa Kivu wangeweza kukaa na Waogiek na kuwauliza walivyokusanya ushahidi wa wazee wao na kuufikisha mahakamani. Wambuti wa Ituri bado wana msitu na wazee wanaojua asali, dawa na nyayo za wanyama. Wangeweza kuwapokea vijana wa Batwa waliozaliwa nje ya msitu, ambao hawajawahi kuingia humo bila kufukuzwa.

Safari ya namna hiyo inahitaji pesa kidogo kuliko mkutano wa hotelini. Inahitaji pia wenyewe wachague nani aende, nani afundishe, na kitu gani kibaki siri ya ukoo. Mau alichagua mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Na ugomvi ulipotokea, hawakuacha: Wahawaii walimfuata mzee na kumwomba.

Basi tarehe 9 Agosti nyingine ikifika, kabla ya kuhesabu vikundi vilivyocheza, tuwaulize vijana wa Batwa na Wambuti: mwaka huu mmejifunza nini kutoka kwa nani, na mzee gani bado hamjamfikia?