Murumbi, mtoto wa damu mbili na duka ya vitu vya nyumba

Wandugu, kwetu Ntoto mtoto wa makabila mbili anaulizwa kila siku: wewe uko wa nani? Joseph Murumbi wa Kenya, aliyezaliwa 1911, baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmasai. Aliachia umakamu wa rais mu 1966. Kisha na bibi yake Sheila, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, wakaanzisha African Heritage mjini Nairobi. Mule kitambaa cha Naijeria kilikaa pembeni ya shanga za Waturkana. Watu walikula, muziki ikalia. Ayub Ogada alipiga mu bendi yenye jina la duka.

Mama zetu wanasuka vitunga, sisi tunaona vya kubebea maharagi tu. Mimi mtu wa agronomia nauliza: mianzi yake, nani anaipanda?