Pipi Haziachwi kwa Njaa

Anayesubiri kuvuka Mto Ruvuma pale Kilambo, Mtwara, aelekee Msumbiji, mara nyingi ametoka nyumbani alfajiri na chai tupu tumboni. Ikigonga saa nne, mkono unaenda kwenye soda na pakiti ya biskuti. Wengi watamlaumu kwa kupenda vitamu. Mimi nailaumu ile chai.

Chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari, hata ikisindikizwa na andazi, sukari yake huingia kwenye damu upesi. Kongosho humwaga insulini kuishusha, na baada ya saa mbili tatu njaa inarudi kwa ukali, ikitaka utamu tena. Ndiyo maana anayeapa kuacha pipi bila kugusa kifungua kinywa chake hushindwa mapema.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni takriban gramu 25, vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30.

Chakula cha kuzuia njaa hiyo ya saa nne kipo Mtwara tele. Kiganja cha korosho, kama gramu 30, kina protini takriban gramu 5 pamoja na mafuta yanayochelewesha njaa. Inaniuma kuona mavuno yote yakipelekwa mnadani yakiwa ghafi, kisha fedha zilezile zikirudi dukani kununua biskuti za watoto. Bakizeni za kula. Najua kubangua ni kazi, maana maganda yana mafuta yanayounguza ngozi. Asiyeweza atumie karanga. Mbaazi za jana na muhogo wa kuchemsha vinamfikisha mtu mchana. Ming'oko, vile viazi vya porini, kwa chumvi na pilipili nayo ni mizuri, ikipata samaki pembeni. Na mabibo yasiishie yote kwenye pombe: yana vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa.

Sukari ya chai ipunguzwe nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea.

Kwa watoto, ratiba ya kula pipi ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kila pipi inapomumunywa, bakteria hutengeneza asidi inayolainisha meno, na mate huhitaji muda kuyarekebisha. Pipi moja baada ya chakula ina madhara madogo kuliko ileile kumumunywa kidogokidogo mchana kutwa.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge asipunguze wanga ghafla kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya, kwani sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Huyo atembee na pipi mfukoni.