Waya Ukutani, Waifai Mkononi

Nyumba nyingi ninazoitwa Jilore kuunganisha intaneti zina lalamiko moja: sebuleni inakwenda, chumba cha nyuma haifiki. Mwenye nyumba hushuku bando. Mara nyingi bando halina neno. Kikwazo ni ukuta. Mawe ya matumbawe hunyonya mawimbi ya waifai, na mabati huyarudisha yalikotoka. Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka upesi; ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi, ila kasi yake ni ndogo.

Msimamo wangu ni huu: kisichohama kipewe waya. Televisheni, kompyuta ya mezani na kamera za uani zikitolewa hewani, simu za watoto nazo hupumua.

Rauta nyingi zina matundu machache ya waya. Starlink ilipoanza Kenya Julai 2023, rauta yake ya wakati huo haikuwa na hata moja. Adapta ilinunuliwa kando. Hapo ndipo swichi inapohitajika: inapokea waya mmoja kutoka kwenye rauta na kuvigawia vifaa vingine. Kwa nyumba, ya matundu 5 au 8, ya kuchomeka tu bila mipangilio, yatosha kabisa. Zile za kusimamiwa kwa kompyuta waachie wenye hoteli huko Malindi. Chukua ya gigabiti 1. Lakini usitarajie iongeze kasi inayotoka nje: laini ya megabiti 20 itabaki na 20 zake.

Pesa utakayookoa kwenye swichi iweke kwenye waya wenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa. Kabla hujalipia, omba kipande, umenye ganda, ukwangue uzi mmoja kwa kisu. Ukibaki mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukitokea mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba: hukatika ukikunjwa, na hewa yetu ya chumvi huimaliza mapema. Ndani kuna nyuzi nane, na kichwani huzipanga hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Gigabiti huzitaka zote nane. Mmoja wa kahawia ukikosa kushika, mara nyingi swichi hushuka kimyakimya hadi megabiti 100, na mtu hulaumu kampuni bure.

Waya wa shaba hubeba mtandao hadi mita 100, kwa hiyo boma kubwa lafikika. Hata hivyo, kutoka nyumba ya mzee hadi ya kijana wake ng'ambo ya uwanja, sipendi kuupitisha. Masika yakija na radi, waya wa shaba huingiza umeme nyumba zote mbili na kuunguza swichi pamoja na televisheni. Nikipata mwenye uwezo, humshauri tutumie faiba ndani ya paipu iliyofukiwa, kwa sababu kioo hakipitishi umeme. Asiye na uwezo huo, namfungia antena mbili ndogo za waifai, kila nyumba yake, zikitazamana.