Samaki wa sebuleni: Nilianza kwa mazishi

Msomaji, ikiwa umewahi kuketi katika chumba cha kungojea daktari wa meno, huenda umekutana na lile tangi la kioo linalowekwa hapo ili kutuliza roho za watu wanaosubiri kung'olewa jino. Mimi nilikutana nalo mwaka jana. Ndani yake mlikuwa na majani marefu membamba yakiyumba kama mahindi machanga katika upepo, na kati ya majani hayo samaki wadogo wenye mikia ya rangi walipita bila haraka. Jina langu lilipoitwa nilisikitika kusimama. Jino lilitoka, lakini ugonjwa mwingine ukaingia. Nilifika nyumbani Buruburu shavu likiwa limevimba, nikamwambia mke wangu kwamba nimekata shauri kufuga samaki sebuleni.

"Kwa maji yapi?" akauliza. "Haya yanayokuja mara mbili kwa juma?"

Swali lilikuwa la haki, nami sikuwa na jibu. Tena, kwetu samaki ni kitoweo. Mimi nimezaliwa karibu na Homa Bay, na tangu utotoni sikupata kuona mtu akimtazama samaki kwa sababu nyingine ila kukisia uzito wake na kuangalia kama macho bado yanang'aa, yaani kama ni wa leo au wa jana. Kumtazama samaki kwa ajili ya kumtazama tu ni jambo nililojifunza ukubwani, kwa msaada wa daktari wa meno.

Basi nikaenda kwa fundi wa vioo kule Kariobangi. Tukakubaliana tangi la urefu wa sentimita 75, upana 40 na kimo 40, kwa kioo cha milimita 8. Fundi alikuwa kijana mwenye akili. "Mzee," akaniuliza, "umeipima meza yako?" Sikuwa nimeipima. Alinionyesha hesabu kwa chaki sakafuni: tangi hilo likijaa ni lita 120, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kilo 120, kabla hujatia mchanga na mawe, kabla hujahesabu kioo chenyewe. Ni kama kuwapandisha watu wawili wazima juu ya meza ya chai na kuwaambia wakae hapo miaka kumi. Akanichomelea miguu ya chuma. Vioo akaviunga kwa gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, kwa maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki, na tangi likanuka siki siku kadhaa. Alinikataza kulitia maji kabla ya juma kuisha. Katika hilo nilimtii. Laiti ningekuwa na fundi mwingine wa kunikataza yaliyofuata.

SAMADI

Mimi ni mtoto wa mkulima. Najua kwamba shamba bila samadi halistawi. Kwa hiyo nilipoambiwa kuwa tangi zuri ni lile lenye mimea hai, nilichukua udongo, nikauchanganya na samadi ya kuku iliyokauka vizuri, nikautandaza chini na kuufunika kwa kokoto. Nikapanda mashina matatu ya majani, moja hapa, moja pale, kama mtu anayepanda maua mbele ya ofisi. Nikajaza maji moja kwa moja kutoka mferejini. Kesho yake nikamchukua binti yangu wa miaka saba, tukaenda kununua samaki.

Tulinunua gapi kumi, wale wadogo wenye mikia kama vipepeo, ambao asili yao ni Venezuela, Trinidad na nchi za jirani huko Amerika ya Kusini. Njiani binti yangu aliwapa majina wote kumi wakiwa bado ndani ya mfuko wa plastiki.

Siku ya tatu maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Siku ya nne samaki wakapanda juu, wakawa wanahema midomo ikigusa hewa. Mimi nikadhani wana njaa, nikawaongezea chakula. Siku ya tano wakafa wanne. Siku ya tisa tukamzika wa mwisho katika kijishamba chetu cha sukumawiki, binti yangu akiwa amesimama pembeni bila kulia. Ningefurahi kama angelia. Tangu siku ile akawa anapita sebuleni akitazama upande wa pili, na hata kiti chake cha kulia chakula alikigeuza.

Niliwaua samaki wale, tena kwa mapenzi. Nimekuja kulielewa jambo hili polepole, nami nalieleza hapa kwa kuwa wengi wanaoanza huangukia shimo lilo hilo.

Samaki anakula, anakunya na kupumua ndani ya maji yale yale. Kutoka kwenye uchafu wake, na kutoka kwenye chakula kinachooza, hutoka amonia, ambayo ni sumu. Katika ziwa au mto sumu hiyo haikai. Wapo bakteria wanaoila na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kisha wapo bakteria wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru sana, na nitrati hiyo ni mbolea ya mimea. Sasa tangi jipya halina bakteria hao. Ni nyumba isiyo na choo wala shimo la taka, nawe umeingiza wapangaji kumi kwa siku moja. Mimi nilizidi hapo: kabla wapangaji hawajafika nilikuwa nimekwisha kutandaza choo chini ya zulia, maana samadi ya kuku iliyolowa ni kiwanda cha amonia. Maji ya mfereji nayo yalikuwa na klorini, dawa ya kuua vijidudu. Ikiwaua wabaya, haiwabagui wazuri, na samaki mwenyewe inamchoma mashavu.

KUANZA UPYA

Nililimwaga lote. Mke wangu alinitazama nikichota tope kwa sufuria kuukuu, hakusema neno, nami nikamshukuru kimoyomoyo.

Safari ya pili nilisoma kwanza. Nikakuta kwamba mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alipita njia hii kabla ya 1850. Aliweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha maji pamoja na mmea uitwao valisneria, akitumaini kwamba mmea utawapa samaki hewa. Mambo yakaenda vizuri mpaka majani ya zamani yalipoanza kuoza na maji kuchafuka. Akaongeza konokono wa majini. Konokono wakala majani yaliyooza, maji yakatakata. Mwaka 1850 akawasomea wakemia wenzake taarifa ya kazi hiyo. Nilifarijika sana kusoma habari za yale maji yaliyochafuka. Kumbe hata mkemia!

Udongo ni halali kuutumia. Mmarekani Diana Walstad, katika kitabu chake cha 1999 juu ya matangi ya mimea, ameutetea udongo wa kawaida wa bustani uliofunikwa kwa kokoto. Bali uwe udongo mtupu. Nilichekecha udongo mwekundu, nikautandaza unene wa sentimita mbili hivi na juu yake kokoto ndogo kiasi hicho hicho. Safari hii mimea nilipanda mingi, kama mtu anayepanda nyasi za uwanja. Valisneria, ndiyo yale majani ya utepe niliyoyaona kwa daktari, niliijaza nyuma yote. Anubiasi, mmea wa misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, wenye majani magumu ya kijani kibichi, niliufunga kwa uzi juu ya jiwe, kwa maana shina lake ukilifukia linaoza. Mimea mingi ndiyo siri. Ukipanda michache, mbolea na mwanga hubaki bila mwenyewe, na mwani huja kuvichukua. Pia tangi niliiondoa karibu na dirisha. Jua letu la saa kumi na mbili ni karamu ya mwani. Taa huwaka saa saba tu kwa siku.

Maji nayaacha siku nzima kwenye ndoo wazi ili klorini itoke. Lile swali la mke wangu, basi, limejijibu lenyewe: siku ya maji tunajaza jerikeni mbili za ziada, na kila juma nabadilisha robo ya maji ya tangi. Yale yanayotoka hunyweshewa sukumawiki. Hazijapata kunenepa hivi.

Bakteria nilipewa zawadi. Rafiki yangu anayefuga samaki huko Lang'ata alinikatia kipande cha sifongo kutoka kichujio chake cha zamani, cheusi, kibaya, nikakibeba ndani ya mfuko wa maji kama mtu aliyebeba yai. Nikakitia katika kichujio changu cha umeme. Kisha nikangoja.

Kungoja huko ndiko kazi yenyewe, na hakuna picha yoyote inayokuonyesha kungoja. Kila siku nilitia chembe mbili tatu za chakula katika tangi lisilo na samaki, majirani wakaanza kuniulizia afya yangu. Kila siku ya tatu nilipima maji kwa dawa za matone. Amonia ikiwapo, maji katika kichupa huwa ya kijani. Ikiisha, huwa ya manjano. Yalikuwa ya kijani juma la kwanza, la pili, la tatu. Majani ya valisneria yakayeyuka, nusu yake, nikadhani nimeshindwa tena. Kumbe mimea mingi inayohamishwa huyatupa majani ya zamani ili kuota mapya yanayolingana na maji ya hapo. Mwisho wa juma la nne machipukizi yakatokea kwenye kokoto. Juma la sita manjano yakaja, na kipimo cha nitriti nacho kikawa safi. Jioni ile, taa ikiwa imewaka saa kadhaa, niliona vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye majani kimoja kimoja. Ilikuwa hewa ya oksijeni. Nilimwita binti yangu aje aone. Alisema ana kazi ya shule.

Nikanunua gapi sita. Sikumwambia.

Mwezi wa Julai mama yangu akaja kututembelea kutoka nyumbani. Alisimama mbele ya tangi, mikono nyuma. "Mwanangu," akasema, "umeleta gugumaji ndani ya nyumba?"

Nikamweleza kwamba si gugumaji. Hata hivyo hofu yake ilikuwa na maana. Gugumaji nalo asili yake ni Amerika ya Kusini, nalo lilisambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake kwenye vidimbwi vya watu. Likaonekana upande wetu wa Ziwa Viktoria mnamo 1990, na kufikia 1998 likawa limefunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam, wavuvi wasiweze kupita. Kwa hiyo majani ninayopogoa nayakausha juani na kuyatupa shimoni, na hakuna hata jani moja, konokono wala samaki wangu atakayetupwa mtoni. Nakuomba nawe ufanye hivyo.

"Na hawa, mtawala lini?"

"Hawaliwi, Mama."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole majina ya fulu, wale samaki wadogo waliokuwa wakiwavua kwa vikapu ufuoni alipokuwa msichana: huyu mwenye tumbo jekundu, yule mwenye mistari, yule wa kwenye mawe. Mbuta alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuongezeka mno mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wataalamu wanakisia kwamba aina zipatazo 200 za fulu zimetoweka. Aina chache zimebaki hai katika matangi ya vioo, Ulaya na Marekani. Nilipomwambia hivyo mama alivuta kiti.

Usiku ule stima ikakatika. Nairobi ya Julai ni baridi, na hita na kichujio vyote vilizima. Maji yalipofika nyuzi 21 mama alilifunika tangi kwa blanketi lake. Nilimweleza kwamba usiku mimea nayo huvuta hewa kama samaki, na kwamba maji yasiyotikiswa hupungukiwa. Akachukua kikombe, akawa anachota maji na kuyamimina tena kutoka juu, polepole. Mtaalamu atasema kwamba samaki sita katika tangi kubwa kama lile wangestahimili bila msaada. Sikumwambia mama. Nilikwenda kulala saa nane, nikimwacha pale na mshumaa.

Asubuhi nilisikia sauti ya binti yangu sebuleni. "Dani, hukulala?"

"Nilihesabu samaki wako. Wakubwa ni sita. Lakini tazama hapa kwenye majani. Kuna wengine, kama mabuu ya mbu. Wamezaliwa usiku."

Nikachungulia mlangoni. Binti yangu alikuwa amegeuza kiti. Walianza kuhesabu pamoja, kidole cha mmoja na cha mwingine juu ya kioo, wakafika kumi na wanne kabla hawajaanza kubishana.