Maua marefu harusini: Pambo lisiwe ukuta kati ya wageni

Wageni kumi wameketi kuzunguka meza moja. Watano ni wa upande wa bwana harusi, watano wa upande wa bibi harusi, na wengi wao hawajawahi kuonana. Katikati ya meza pamesimama shada kubwa la mawaridi meupe, limejaa na kupendeza, lakini limekaa sawia mbele ya nyuso zao. Karamu inaanza na kwisha bila mjomba wa huku kumwona shangazi wa kule.

Hilo ndilo kosa kubwa zaidi katika upambaji wa meza za harusi, na aghalabu hufanywa na watu waliotumia fedha nyingi kuliko wenzao.

Mapambo marefu ya maua yamekuwa jambo la kawaida katika karamu za harusi nchini Kenya, kuanzia kumbi za hoteli jijini Nairobi hadi mahema yanayosimamishwa katika viwanja vya makanisa na nyua za wazazi mashambani. Kamati za harusi huchangisha fedha kwa miezi kadhaa, na sehemu ya fedha hizo huishia kwa mpambaji. Ni haki basi wachangaji na maarusi wenyewe waelewe pambo refu hujengwa vipi, kwa nini mengine husimama na mengine huanguka, na ni wapi gharama inaweza kupunguzwa bila kuiharibu sura ya meza.

Desturi yenye umri

Fikra ya kuyainua maua juu ya meza si ngeni. Mwaka 1861, chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, kiliandaa shindano la mapambo ya meza jijini London. Mshindi, Thomas March, alileta kinara cha kioo chenye sinia bapa chini, nguzo nyembamba katikati na sinia nyingine juu. Maua na majani ya kangaga yalipangwa juu na chini, na katikati pakaachwa wazi ili walaji waweze kutazamana. Vinara vinavyokodishwa leo kwa harusi za Nairobi, Nakuru au Eldoret ni wajukuu wa kinara hicho.

Mwambao wa Afrika Mashariki nao una historia yake ya maua harusini. Asumini, kilua, mkadi na rihani zimetumika tangu zamani kutengenezea vikuba na makoja. Huko ua lilithaminiwa kwa harufu yake kuliko kimo chake, na mahali pake palikuwa mwilini mwa bibi harusi na chumbani mwake. Pambo refu la mezani liliingia baadaye, pamoja na karamu za meza na viti.

Kipimo cha macho

Kanuni ya kwanza ya pambo refu haihusu maua bali macho. Meza ya kawaida ya karamu ina kimo cha sentimita 75 hivi. Macho ya mtu mzima aliyeketi kitini huwa kati ya sentimita 110 na 125 kutoka sakafuni, yaani sentimita 35 hadi 50 juu ya meza.

Kwa hivyo, eneo lililo kati ya sentimita 30 na 60 juu ya meza ni mali ya nyuso za wageni. Maua ama yaishie chini ya sentimita 30, ama yaanzie juu ya sentimita 60. Kinachoruhusiwa kupita katika eneo hilo ni mguu mwembamba tu: fimbo ya chuma, au chombo cha kioo chenye shingo ya kiasi cha kiganja. Mtungi wenye tumbo pana, hata uwe mrefu namna gani, ni kizuizi. Majani yanayoning'inia kutoka juu yakashuka hadi usawa wa macho nayo huvunja kanuni hiyo hiyo.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Kabla ya kukubaliana na mpambaji, maarusi waombe meza moja ya mfano, kisha watu wawili waketi kukabiliana na kuzungumza. Wakilazimika kuinamisha shingo ili waonane, pambo hilo halifai.

Kinara cha sentimita 60 hadi 75, kikiongezewa maua ya kimo cha sentimita 30 hivi, hufika takriban mita moja juu ya meza. Kimo hicho hupendeza katika ukumbi wenye dari ya juu. Katika hema, ambalo kingo zake huteremka, meza za pembeni huhitaji mapambo mafupi zaidi, la sivyo maua yatagusa turubai na kuungua kwa joto.

Upana nao una mipaka yake. Meza ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 180 huketisha watu kumi, kila mmoja akipata ukingo wa sentimita 56 hivi. Kila mgeni akitengewa kina cha sentimita 45 kwa sahani, bilauri na chupa ya soda, duara linalobaki katikati ni la sentimita 90. Katika meza ya sentimita 150 duara hilo ni la sentimita 60 pekee. Yasipozingatiwa hayo, wageni husukuma pambo ili wapate pa kuweka chakula, na hapo ndipo ajali huanzia.

Uzito uwe chini

Harusi nyingi nchini huandaliwa kwa chakula cha kujipakulia. Wageni huinuka kwa zamu, viti husukumwa, watoto hukimbia kati ya meza, na upepo wa alasiri hupenya hemani. Pambo refu lazima listahimili yote hayo.

Chombo hupinduka pale kitovu chake cha uzito kinapovuka ukingo wa kitako. Kinara chenye kitako cha upana wa sentimita 20, ambacho uzito wake umejikita sentimita 80 juu ya meza, kitaanguka kikiinama nyuzi 7 tu. Uzito huo ukishushwa hadi sentimita 40, kinara hicho hicho kitahimili mwinamo wa nyuzi 14.

Ndiyo maana wapambaji stadi hutia mchanga au kokoto katika kitako, au hutumia kinara chenye bamba zito la chuma chini. Penye kinara cha kioo, maji yenyewe hufanya kazi ya nanga, mradi yajazwe baada ya chombo kuwekwa mezani. Kwa sababu hiyo pia, mapambo marefu hayasafirishwi yakiwa yamekamilika. Vichwa vya maua hubebwa katika masanduku, vinara vikabebwa kando, na vyote viwili huunganishwa ukumbini. Barabara yenye mashimo haimjui bibi harusi.

Mishumaa iliyo wazi isiwekwe karibu na majani makavu wala vitambaa vinavyoning'inia. Katika hema ni heri itumike taa ndogo za betri.

Hesabu ya maua

Gharama kubwa haitokani na kimo bali na ujazo. Chukua nusu tufe ya maua yenye kipenyo cha sentimita 30. Uso wake una eneo la sentimita mraba 1,400 hivi. Waridi lililochanua kufikia upana wa sentimita 6 hufunika sentimita mraba 28. Ili kuufunika uso wote kwa mawaridi pekee, yatahitajika 50.

Harusi ya wageni 300 ina meza 30, nayo hesabu inafika mawaridi 1,500. Nusu ya uso ikifunikwa kwa majani ya mkalitusi, kangaga na maua madogo ya jipsofila, mawaridi yanayohitajika yanashuka hadi 750, na shada lenyewe hupata uhai zaidi kwa kuwa jicho hupata pa kupumzika.

Upo pia mwanya mwingine wa kupunguza gharama. Si lazima kila meza ibebe pambo refu. Meza zilizo karibu na meza kuu zafaa ziwe na maua mafupi, ili wageni wa nyuma na wapiga picha wawaone maarusi. Mapambo marefu yapangwe nyuma na pembeni, yaujaze ukumbi kwa juu. Kwa mpangilio huo, nusu ya vinara hutosha, na mandhari huonekana yenye mpango kuliko pale kila meza inaposhindana na jirani yake.

Msimu nao una usemi. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza mawaridi nje, mengi yakitoka Naivasha na maeneo mengine ya nyanda za juu. Lakini wanunuzi wakuu wako Ulaya, na karibu na siku ya wapendanao, Februari 14, mahitaji yao hupanda. Anayepanga harusi wiki hiyo atashindania ua moja na soko la ng'ambo. Kinyume chake kilionekana Machi 2020, wakati janga la Covid-19 lilipofunga masoko ya Ulaya na mashamba yakalazimika kutupa maua yaliyokosa mnunuzi.

Maji kabla ya urembo

Ua lililokatwa huishi kwa maji tu. Kwa harusi ya Jumamosi, mawaridi yanunuliwe Alhamisi yakiwa matumba yaliyoanza kufunguka. Vikonyo vikatwe upya kwa mshazari, sentimita 2 au 3 kutoka mwisho, kwa kisu kikali. Majani yote yatakayozama majini yaondolewe, kwa sababu huoza na kuzalisha bakteria wanaoziba mishipa ya ua. Kisha maua yakae usiku kucha katika ndoo safi, ndani ya chumba chenye giza na ubaridi, mbali na ndizi na matunda mengine yaliyoiva. Matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kunyauka.

Lili zinapochanua, stameni zake zitolewe mapema. Chavua yake ikianguka kutoka juu huacha doa gumu kutoka, iwe ni kitambaa cha meza au gauni la bibi harusi.

Juu ya kinara, maua mengi huchomekwa katika sifongo ya kijani, iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1950. Kipande chake cha kawaida, chenye urefu wa sentimita 23, upana wa 11 na kimo cha 8, hunywa takriban lita 2 za maji, yaani uzito wa kilo 2 ulioinuliwa juu kabisa ya kinara. Sifongo hiyo iwekwe juu ya maji na iachwe izame yenyewe. Ikisukumwa kwa mkono hubaki na mifuko ya hewa ndani, na ua lililochomekwa hapo hunyauka kabla ya keki kukatwa.

Hata hivyo, sifongo hiyo ni aina ya plastiki inayomeguka kuwa chembe ndogo zisizooza upesi, na ikishakauka haifai tena. Chama kile kile cha Royal Horticultural Society kilipiga marufuku matumizi yake katika maonyesho yake kuanzia mwaka 2021. Mbadala wake ni wa kale na rahisi: kipande cha waya wa kuku kinakunjwa kama tufe, kinafungwa ndani ya bakuli lenye maji, na vikonyo hupenyezwa humo. Waya huo huweza kutumika harusi nyingi.

Yaandikwe mapema

Mizozo mingi kati ya familia na wapambaji huzuka kwa sababu ya mambo yasiyoandikwa. Mapatano yaeleze kimo cha pambo, idadi na aina ya maua, aina mbadala endapo yaliyoagizwa hayatapatikana, saa ya kukamilisha kazi, na nani atalipia kinara kikivunjika. Yaeleze pia maua ni ya nani karamu ikiisha. Aghalabu vinara hukodishwa lakini maua hununuliwa. Mgeni anayeondoka na kinara kwapani akidhani ni zawadi huwaachia maarusi deni.

Maua yenyewe yanaweza kuishi siku kadhaa zaidi. Familia zinazopanga vizuri huteua mtu wa kuyakusanya jioni hiyo na kuyapeleka kanisani, au kwa nyanya na babu ambao uzee uliwazuia kuhudhuria.

Wahenga walisema usione vyaelea, vyaundwa. Pambo lililoundwa sawasawa huinua macho ya mgeni anapoingia ukumbini, kisha humwachia nafasi ya kumtazama aliyeketi mbele yake. Mjomba na shangazi wakiondoka wanajuana kwa majina, maua yatakuwa yametimiza kazi yake.